Siku Tatu Basini na Baba

Jumamosi, 5 Juni 1999 — Narung'ombe

Shule tumefunga jana. Leo nimemwambia baba kwa mara ya tatu: tunakwenda Dar. Barua ya daktari wa macho ninayo, yule aliyepita hospitali ya misheni mwezi wa tatu. Imeandikwa Ijumaa tarehe 11, saa mbili asubuhi. Tukikosa siku hiyo tunarudi mwisho wa foleni, labda mpaka mwakani.

 Baba akasema: nione nini, Prisila? Niliyekuwa namtazama hayupo.

 Mama ana miaka miwili kaburini, na tangu hapo baba huongea kama mtu mwenye jino bovu. Neno moja, kisha anafunga mdomo. Mtoto wa jicho ameziba macho yote mawili. Anaona mwanga na kivuli, basi.

Jioni nimekwenda kwa mwalimu mwenzangu Silvanus, yeye huenda Dar kila likizo. Nimemwuliza jambo linalonisumbua: mzee wa miaka sabini na mbili, asiyeona, anakaaje ndani ya basi siku mbili au tatu bila kuumia mgongo na bila kuchoka akili? Kasema yeye husoma magazeti. Nikamtazama. Akaona aibu, akanipa mto wake wa sufi.

Jumatatu, 7 Juni — Nachingwea

Tumeshuka saa tisa kutoka kwenye Landrover ya abiria, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tumefikia nyumba ya wageni ya parokia. Tiketi zimebaki za nyuma, juu ya tairi. Nimechukua hizo hizo.

Baba kaniomba nimzungushe kidogo mjini. Ajabu, maana kwetu hatoki uani. Tulipofika zile nyumba za zamani za wazungu waliolima karanga hapa enzi za ukoloni akasimama, akapapasa ukuta. Nikamwuliza anatafuta nini. Kasema: hamna.

Nimepakia mihogo ya kuchoma, karanga za kuchemsha, chai kwenye chupa, ndimu nne. Redio nimeiacha. Betri zimevuja.

Jumanne, 8 Juni — Nangurukuru

Mwandiko ni mbaya, mikono bado inatetemeka na basi. Tumefika hapa magharibi. Dereva — anaitwa Halfani, mtu mpole mwenye kofia ya sufu — amesema hatukanyagi matope ya mbele gizani. Tunalala vitini.

Sasa niandike la leo.

Tulipanda saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa namvuta baba kuelekea nyuma, mara mama mmoja wa mstari wa nne akanishika mkono. Mtu wa makamo kupita, mwembamba, uso wenye chale za kizamani, kitenge cha kijani. Akasema: mwanangu, huyo mzee ukimkalisha juu ya tairi utamfikisha Dar bila mgongo. Akamwamuru kijana aliyekaa naye ahamie nyuma. Kijana akahama! Baba akaketi mahali pake, na mwingine akanipisha kiti cha mstari wa tano, nyuma yao kabisa.

Anaitwa Mama Dionisia. Kwao Kilimarondo. Hupeleka korosho zilizobanguliwa Dar, anarudi na vitenge, na safari hii amekwisha kuifanya mara zisizo idadi. Nilimwuliza kila kitu, naye hakuchoka. Kaa upande wa kulia, kasema, mchana jua likigeuka litawapiga wa kushoto. Viatu vilegezwe kabla miguu haijavimba. Kanga ifungwe tumboni, ikaze, matumbo yasicheze kwenye makorongo. Mayai usile. Miguu ya baba akaiweka juu ya furushi lake la nguo, iinuke. Mto wa Silvanus akautoa matakoni akaushindilia kiunoni.

"Mwili ndio kazi ndogo," akaniambia. "Kazi kubwa ni kichwa. Kichwa kikikosa shughuli, kinaanza kuhesabu maumivu."

Kisha akamgeukia baba na kusema neno kwa Kimakua.

Baba akainua uso kama mtu aliyeitwa jina la utotoni. Nyumbani hatuna Kimakua. Mama alikuwa Mmwera, sisi tumekua na Kimwera na Kiswahili. Kimakua baba alikiacha ng'ambo ya Ruvuma, ndivyo nilivyodhani siku zote. Wakaulizana ukoo kwanza — hilo nililielewa, maana walitaja majina mawili, tofauti, wote wakaguna kama wameridhika. Baada ya hapo hawakunyamaza mpaka Lindi.

Dereva ana kanda moja tu ya muziki wa dansi. Saa sita ikatafunwa na redio. Abiria wote wakasikitika. Wale wawili sidhani kama walijua.

Nimekaa na masikio yamesimama siku nzima. Sijaambulia kitu.

Jumatano, 9 Juni — mbele ya Somanga

Tumekwama. Lori la chumvi limelala barabarani, mabasi manne yamejipanga nyuma yake, letu la pili. Kesho kutwa ndiyo Ijumaa. Nimemwuliza Halfani kama kesho tutavuka kivuko cha Rufiji. Kaangalia matope, kasema: mwalimu, mimi naomba Mungu kama wewe.

Watu wametandika kanga chini ya mikorosho. Mama Dionisia kaanzisha vitendawili. Kwa Kiswahili kwanza, basi zima likajibu, hata Waislamu waliokuwa wakitoka kuswali adhuhuri wakakaa. Aliyeshindwa anatoa mji. Baba akatega viwili vikawashinda, akapewa Mbeya na Tanga. Halafu yeye akatega kimoja kwa Kimakua. Mama Dionisia akafikiri, akajibu, na baba akacheka.

Miaka miwili sijasikia kicheko hicho. Kina sauti ya mluzi mwishoni, nilikuwa nimesahau.

Nikauliza: mmesema nini? Baba kasema hakitafsiriki. Mama Dionisia kasema kinatafsirika, ila si kwa mtoto wake.

Saa kumi lori likavutwa pembeni. Zamu yetu. Halfani akakanyaga, tairi zikazunguka pale pale, tope likaruka mpaka kwenye vioo. Mara tatu. Baba alikuwa amesimama na fimbo karibu na mlango, kichwa kimeinama upande mmoja. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti: "Wewe dereva, unaliua. Lisikilize. Weka gia ya pili, achia kidogo kidogo, usiliwashie hasira."

Watu wakacheka. Kipofu anafundisha udereva. Halfani hakucheka. Akaweka ya pili. Basi likanguruma chini chini, likajivuta kama ng'ombe, likatoka.

Halfani akashuka akampa mkono. "Mzee, umeendesha nini wewe?"

"Trekta. Za karanga, za Waingereza. Nachingwea, mwaka wa hamsini."

 Trekta? Baba yangu ninayemjua ni mkulima wa jembe la mkono. Nikamgeukia Mama Dionisia, nikaona hashangai. Kasema: alinisimulia jana, tulipopita Mtama.

Mtama! Mimi nilikuwa nyuma ya kiti chao. Miaka thelathini na nne nimekaa na mtu huyu, hakuniambia. Na kwa nini nimekasirika, wakati nimefurahi? Sielewi.

Kabla hatujapanda tena baba kanivuta pembeni. Kauliza polepole: "Prisila, yukoje huyu mama?"

"Amevaa kitenge cha kijani," nikasema.

"Sijakuuliza nguo."

Nikajifanya ninaitwa na Halfani.

Alhamisi, 10 Juni — Ndundu, kisha Mbagala

Rufiji imejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Tumengoja kivuko tangu saa moja mpaka saa saba. Baba alisinzia kitini. Nikamkuta Mama Dionisia ananunua samaki wa kukaanga, nikaona leo au basi. Nikamwuliza wanachozungumza.

Hakuzunguka. Kasema: "Jana nilimwuliza kama anajua kupika mwenyewe. Kasema anajua ugali tu."

Nikakosa pa kutazama.

"Mimi ni mjane mwaka wa tisa, mwalimu. Watoto wangu wameoa. Nalima, nafukuza nguruwe, nikisikia tembo napiga debe. Sina shida ya mtu wa kunitunza. Lakini baba yako anasikiliza. Ila ndani ya basi kila mtu husikiliza, hana pa kwenda. Nataka kujua kama akishuka atasikiliza bado."

Nilifikiri habari ya koo zile mbili tofauti: wa ukoo mmoja hawaoani. Kumbe swali la kwanza kabisa lilikuwa lile. Watu wazima hawa hawakupoteza hata kilomita moja.

Nikamwambia mama yangu aliitwa Marselina. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Yeye akajibu: najua, baba yako ameniambia, hata alivyokuwa anacheka.

Tumefika Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kaka yangu Alfred alikuwa anatungoja stendi. Akamkumbatia baba, lakini baba shingo ameigeuza, anasikiliza nyuma: Mama Dionisia alikuwa anapatana na mtu wa mkokoteni. Sauti ikafifia kwenye honi. Baba akauliza, amekwenda upande gani? Temeke, nikasema, kwa mdogo wake. Jina la hospitali analo. Akaitikia kwa kichwa, kisha ndipo akamsalimu Alfred vizuri.

Ijumaa, 11 Juni — Dar

Tumewahi! Saa mbili kasoro robo tulikuwa mlangoni. Daktari kampima, kasema Jumatatu watapasua jicho la kulia kwanza, kesho yake bandeji inatolewa.

Baba, aliyekuwa haoni sababu ya kuona, akauliza: nitaona sura? Sura ya mtu, si kivuli? Daktari akasema, Mungu akipenda, mpaka kope.

Alfred kashangaa. Tuliporudi nikamweleza, nikidhani atacheka. Hakucheka. Kasema mama hata udongo haujakaa vizuri, wewe unamwokotea baba wanawake kwenye basi. Nikamwambia sikumwokota mtu, nilikuwa natafuta kiti kisicho juu ya tairi. Kanuna mpaka sasa.

Hata mimi sijajua nakaa upande gani. Lakini nimegundua jambo. Leo nimemwuliza baba maswali ishirini. Trekta lilikuwa la rangi gani, nani alimfundisha, aliogopa nini. Amejibu yote. Nyekundu. Mtaliano mmoja mlevi. Aliogopa visiki. Kumbe alikuwa anajibu siku zote, sisi ndio hatukuuliza.

Jumatatu, 14 Juni

Wamemaliza saa tano. Dakika arobaini tu. Kalala na bandeji, anakula uji mwenyewe. Kauliza kama kuna mtu aliyefika. Nikasema mimi. Kasema, wewe najua.

Jumanne, 15 Juni

Naandika kwenye benchi la korido, nje ya wodi. Saa tatu asubuhi. Alfred yuko kazini. Nesi yuko ndani, nasikia kitoroli cha dawa.

Mama Dionisia amekuja. Nimemwona tangu mbali, kitenge kipya cha buluu, kilemba kimenyooshwa. Amefika hatua mbili kutoka mlangoni akasimama. Nikamwambia karibu, ndiyo wanaanza. Hakusogea. Kanong'ona — yeye aliyezoea kuliamuru basi zima.

"Nilikuwa nani kule basini, mwalimu? Siku tatu nilikuwa sauti tu. Sauti yangu haijazeeka, watu huniambia. Mimi nimezeeka." Kagusa chale za shavuni. "Sema kweli. Ulimwambia nikoje?"

"Nilimwambia kitenge."

Kacheka bila sauti, mkono mdomoni. Macho yamejaa maji.

Nimemtazama vizuri, pengine mara ya kwanza. Ana uso mzuri. Nilikuwa nimeuona tangu Nachingwea, nikauficha. Nilitaka kumwambia hivyo lakini ndani baba akaita:

"Prisila. Unazungumza na nani hapo?"

Mama Dionisia kanishika kifundo cha mkono. Vidole vya baridi. Katikisa kichwa: usiseme. Lakini haondoki pia. Nimeinamia daftari. Baba hakuita tena. Nadhani anasikiliza.

Nesi ametoa kichwa mlangoni. Ndugu mmoja tu aingie, anasema, chumba kidogo, na mgonjwa asishtuliwe. Nani?

Mama Dionisia ananitazama mimi. Kalamu bado inakwenda, kama vile mimi siye ninayeulizwa. Nesi ameuliza mara ya pili. Korido hii ni nyembamba, magoti yangu yanaziba njia ya kwenda mlangoni.

Nimekunja miguu chini ya benchi, Mama Dionisia apite, aingie yeye. Bado amesimama.