Kuba Lisilo na Nguzo

Mkuyuni, Mwanza

Mjukuu wangu Koku,

Marahaba. Salamu zako zimetukuta wazima. Mama yako amevuka kwenda Sengerema kumwona shangazi yako, aliyejifungua mtoto wa kike.

Unasema siku mbili ulizotembelea Roma zilikushangaza, kisha zikakuhuzunisha, na unauliza: "Bibi, sisi tulijenga nini?"

Nilipokuwa mwanafunzi Ulaya, nami nilifika Roma, nikaingia katika hekalu lile la kale la duara, lenye tundu kileleni mwa kuba. Mvua ilikuwa ikishuka taratibu ndani ya mwanga. Nilipozungukazunguka, rafiki yangu Felista, Msukuma, aliniuliza nimepoteza nini.

"Natafuta nguzo za katikati. Paa hili linabebwa na nini?"

"Ninyi Wahaya! Hata Roma mnataka msonge wenu?"

Tulicheka, lakini sikuweza kuondoka. Nililelewa ndani ya msonge, nyumba ya duara ya nyasi aliyoijenga babu yangu, na sikuwahi kujiuliza inasimamaje.

Likizo iliyofuata nilikwenda Bukoba kumuuliza. Alicheka hadi akakohoa. "Umevuka bahari ndipo uione nyumba hii?" Kisha akanishika mkono, akanipitisha nguzo moja baada ya nyingine, akinieleza kila moja inabeba nini. Nilimfuata na karatasi, nikipima na kuchora.

Msonge ule umekwisha kuoza. Mchoro niliouchora siku ile, pamoja na vipimo vyake, umo katika bahasha hii. Nguzo mbili, ingawa alinieleza, sijazielewa hadi leo.

Bibi yako