Wasifu wa Fundi wa Masanduku

Jumatatu, 10 Juni

Insha thelathini na nane za Gredi ya Sita. Nimesahihisha kumi na nne. Kumi na moja zimeanza na majogoo kuwika. Hapa Shauri Moyo ni nani anayeamshwa na jogoo? Lakini ni mimi niliyewafundisha. Nimewakaririsha mapambo hayo miaka ishirini na miwili, na anayekariri vizuri ndiye anayepata alama.

Watu wanashangaa nasahihisha vitabu na mume wangu yuko mochari. Nikae nikifanya nini? Kila jioni kamati ya mazishi inaketi sebuleni, wanaimba, wanaomba, wanakunywa chai, wanaondoka. Mgongo unaniuma. Mazishi ni Ijumaa, kwao Murang'a. Kamati imenipa kazi moja tu: niandike wasifu wa marehemu uingie kwenye programu, kisha niusome mwenyewe kaburini. Mchapishaji anautaka Jumatano jioni. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, wamesema, hilo kwako ni jambo dogo.

Jumanne, 11 Juni

Nimeandika asubuhi. Kurasa mbili. Nguzo ya jamii imeanguka. Mauti hayana huruma. Kamau alikuwa mpole, mkarimu, mcha Mungu, mchapakazi asiyejua uchovu. Methali nne. Nikaona nimefanya kazi safi.

Nikampa Waithira, binti yetu wa pekee. Ana miaka ishirini na sita na haongei sana. Alisoma akiwa amesimama jikoni, akanirudishia. "Mum, hii ni insha. Hii unaweza kusomea mtu yeyote. Baba ako wapi hapa?"

Nilikasirika. Nikamwambia basi aandike yeye. Kisha nikaingia chumbani, nikasoma tena, nikatoa jina la Kamau nikaweka la jirani. Likakaa sawasawa. Aibu iliyonipata sijui niielezeje.

Nikajaribu kukumbuka jambo moja tu alilowahi kusema mume wangu. Moja. Miaka ishirini na minane ya ndoa. Nilipata "chumvi imeisha".

Jumatano, 12 Juni

Nimeomba ruhusa shuleni, nikatembea hadi kwenye vibanda vya mafundi alikofanya kazi. Nyundo na bati, nyundo na bati. Sikuwa nimefika huko tangu Kamau amtengenezee Waithira sanduku la bweni. Omondi, aliyekaa naye banda moja miaka kumi na tisa, alinipa kiti cha Kamau. Masanduku matano ya wanafunzi yalikuwa hapo, bado hayajapakwa rangi.

Nilimwambia: usiniambie alikuwa mtu mzuri, niambie alifanya nini. Swali hilo ningepaswa kuwauliza watoto wangu darasani miaka yote hii. Omondi akasema kwamba Kamau akimaliza sanduku, alipitisha kiganja ndani, ukingo kwa ukingo. Kikikwaruzwa, aligonga upya. Hakutaka bati limkate mtoto wa mtu. Kumbe huyo ndiye "mchapakazi" wangu, na sasa anaonekana.

Kisha Omondi akaanza kucheka peke yake. "Mwalimu, huyo mzee alikuwa anapiga stori mpaka wateja wanasahau kuenda. Huku tulikuwa tunamuita Redio."

Redio. Mume wangu. Nilidhani anamtaja mtu mwingine. Nikamuuliza mbona nyumbani alikuwa kimya. Omondi akaangalia nyundo yake. Nikamsisitizia. "Alisema akifungua mdomo kwake anasahihishwa. Akaona heri stori zibaki kwa kazi."

Ni kweli. Nilimsahihisha mbele ya mtoto, mbele ya wageni, hata akiombea chakula. Nilidhani namsaidia. Nimerudi kwa miguu nikilia njia nzima, na sikujali nani ananiona.

Jioni. Nimeandika upya. Ukurasa mmoja. Methali zote nimefuta. Kila sifa nimeiuliza: nani alikuona? Isiyo na shahidi imetoka. Nimesoma kwa sauti, na pale ulimi ulipokwama nimekata. Sentensi moja niliikwepa mara tatu, kisha nikaiandika: "Nyumbani alikuwa kimya kwa sababu mimi, mkewe, nilisahihisha maneno yake hadi yakaisha."

Nimemtumia mchapishaji kwa simu. Hata saa haijaisha, shemeji, kaka yake Kamau aliye mwenyekiti wa kamati, amepiga. Mchapishaji amemwonyesha. Anataka sentensi hiyo itoke. Eti mambo ya chumbani hayatangazwi makaburini, nitamfanya marehemu achekwe. Nimemwambia nitafikiria. Nimechoka.

Alhamisi, 13 Juni

Programu zimefika. Karatasi nzuri, picha nzuri. Sentensi haimo. Shemeji aliitoa bila kuniambia. Sikuwa na nguvu za kugombana.

Nimenakili ukurasa wangu kwa mkono nikautia kwenye mkoba. Sijui kama nitathubutu.

Ijumaa, 14 Juni

Murang'a. Matope. Nilisoma nilichoandika mimi, si kilichochapishwa. Nilipofika kwenye kiganja na ukingo wa bati, mafundi wenzake waliguna kwa pamoja. Nilipofika kwenye ile sentensi, sauti ilinipotea katikati. Nikaianza tena. Watu walikuwa wakiitafuta kwenye programu zao na hawaioni. Shemeji alitazama viatu vyake.

Hakuna aliyecheka. Waithira alikuja akasimama karibu nami hadi jeneza likashuka.

Jumapili, 16 Juni

Omondi na mkewe wamekuja kutupa pole. Chai na mandazi. Nyumba imetulia, kamati imekwisha, viti vya kukodi vimerudishwa.

Nilimwomba anisimulie stori moja ya Kamau, vile alivyoisema mwenyewe, asiipambe. Alimwangalia mkewe, kisha akaanza. Mama mmoja alikuja kibandani akitaka sanduku la mwanawe wa bweni, litoshe godoro, blanketi mbili na unga wa mwezi mzima. Kamau akaweka nyundo chini. "Mama, hiyo si boksi unatafuta, ni keja ya kupanga. Enda uongee na landilodi."

Omondi aliiga sauti ya Kamau. Ilikuwa yake kabisa. Waithira alicheka hadi akakaa sakafuni, na kabla Omondi hajamaliza alikuwa tayari anasema naye maneno ya mwisho. Aliijua. Kumbe enzi za shule ya msingi alikuwa akipitia kibandani kila jioni kumsikiliza baba yake.

Mimi ndiyo kwanza nimeisikia leo. Nilicheka pia. Kisha nikamwongezea Omondi chai, nikamwomba stori ya pili.