Dakika Ishirini za Bwana Deusi

Nyakato, Mwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umekubali kuinama kwenye migomba, au bado Mama anakukanda kila jioni? Mimi ni mzima, na leo nina furaha mbaya ambayo siwezi kuificha.

Najua Bwana Deusi, mwenzetu wa kijijini, alikupigia simu. Alikuambia, ukiwa ndiyo kwanza umetoka misani na watu wamekuzunguka, kwamba binti yako ni mzembe na hospitali itamrudisha nyumbani. Wewe hukuniuliza kitu, ulinyamaza wiki tatu. Kimya chako kiliniuma kuliko maneno yake. Sasa nisikilize.

Dawa yetu ya mionzi inatoka Dar kwa ndege ya asubuhi, na nguvu yake inapungua nusu kila baada ya saa mbili kasoro. Mimi naipima, naandika kiasi na saa niliyopima, ndipo mgonjwa anachomwa sindano na kupigwa picha. Mashine ya picha, ambayo ina saa yake, inapiga hesabu kuanzia pale nilipoandika. Saa ikikosewa, uvimbe unaonekana mdogo au mkubwa kuliko ulivyo.

Mwezi jana tulipiga picha chupa ya majaribio, ikaonyesha pungufu ya kiasi nilichoandika. Bwana Deusi, ambaye ndiye mkuu wetu, akasema mbele ya wote, "Ni huyu. Vipimo vyake havina kichwa wala miguu." Lakini kila asubuhi nilikuwa nikikijaribu kifaa changu cha kupimia kwa mionzi ya aina nyingine, ile inayodumu miaka, na jibu halikubadilika. Kifaa kizima. Mikono yangu mizima pia.

Jumanne nilitoka kwenye kile chumba cha kupimia dawa kisicho na dirisha, nikachukua simu kabatini, maana humo hatuingii nazo. Simu ilisema saa nne na dakika tano. Kwenye saa ya ukutani humo chumbani, ile ninayoitazama ninapoandika, nilikuwa nimetoka kuona saa nne na dakika ishirini na tano. Nilicheka peke yangu kwenye korido. Nani angeisogeza, kama si yule anayelalamika kila siku kwamba tunachelewa?

Nilipaswa kusema palepale. Sikusema, Baba. Wakaguzi walikuwa wanakuja Ijumaa, na mimi nilitaka aumbuke mbele ya watu kama alivyoniumbua.

Ijumaa nikamwomba kwa adabu zote, "Mkuu, tuonyeshe unavyopima." Akapima vizuri sana, akatazama ukutani, akaandika. Nikamgeukia mkaguzi mkubwa: "Mzee, saa yako ya mkononi inasemaje?" Akaisoma kwa sauti: ilikuwa nyuma ya ile ya ukutani kwa dakika ishirini. Bwana Deusi akaloa jasho. "Niliisogeza ili wasichelewe," akasema, kwa sauti ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Sasa ameondolewa ukuu. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Lakini kuna la Alhamisi. Mama mmoja muuza dagaa wa Mabatini alipigwa picha siku hiyo, akaambiwa uvimbe unafifia. Alinikumbatia, akaimba wimbo wa kanisani pale pale mlangoni. Mimi nilijua ile saa, nikamwacha aimbe. Jumatatu aliitwa tena, hesabu zikarudiwa: uvimbe uko vilevile. Akanitazama. "Mwanangu, siku ile nakukumbatia, ulikuwa unajua?" Nikamwambia sikujua.

Msalimie Mama, na shangazi anayeuza kahawa, na kaka yangu mwalimu. Mwambie mdogo wangu wa mwisho gauni lake la kipaimara nimeshalinunua.

Pamoja na barua hii nimetuma kwa meli ile saa. Walikuwa wanaitupa, nikaiomba. Itundike sebuleni, usiirekebishe. Krismasi Bwana Deusi atakuja kukusalimia kama kawaida yake, mkalishe akiielekea. Na mimi nikija, Baba, nikalishe kiti hicho hicho.

Ni mimi binti yako, ambaye hakuwa mzembe,
Koku