Mpishi Anapoitazama Sufuria

Triplicane, Madras
4 Septemba 1968

Mjomba Pattabi,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi? Na mkaza mjomba hajambo? Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo. Mama anasema ni filamu, mimi nasema ni mapishi ya hoteli.

Jana tulimaliza kupiga picha. Mkwe wa Kukodi, mchezo ambao wewe ulitunong'oneza maneno yake nyuma ya pazia mara mia moja arobaini na tatu, sasa umo ndani ya makopo ya bati. Mtayarishaji wetu, Mudaliar, alitaka kubadilisha mambo mengi, nikamkatalia karibu yote. Hadithi imebaki ileile. Mzee mwenye majivuno amewaandikia ndugu zake wa Delhi kwamba bintiye ameolewa na mhandisi. Ndugu wanafunga safari kuja kumwona, mhandisi hayupo, basi mzee anamkodi mpishi wa harusi akae siku tatu akiitwa mkwe. Mpishi nimemcheza mwenyewe, kama jukwaani.

Tatizo ni moja. Jukwaani nilizoea kungoja watu wamalize kucheka ndipo niendelee. Studioni hakuna anayeruhusiwa hata kukohoa. Nami kwa mazoea nikawa nangoja kicheko kisichokuja, na kamera ikingoja pamoja nami. Pale mama mkwe anapompakulia chakula, na mpishi anaitazama sufuria ya mchuzi bila kusema neno, nimekaa kimya sekunde kumi na sita. Thanikachalam, mkataji wetu wa filamu, aliniuliza, "Bwana, hapa ulisahau maneno au ulifariki?"

Anataka kubakiza sekunde tatu. Mimi najua kwamba pale ndipo uongo wa yule mzee unapoanza kupasuka, na kicheko cha pale kikifa, filamu yote imekufa. Mudaliar ameniruhusu niiongoze kwa sharti: wasambazaji wanaonunua filamu wasipocheka, anampa mtu mwingine aikate upya, na jina langu linafutwa. Ofisini niliaga mwezi Juni. Kiti changu kimeshakaliwa.

Sina wasiwasi, kicheko kile nakijua kama jina langu. Lakini Thanikachalam ni mtu wa vipimo. Nakumbuka ulikuwa ukiandika mambo kwenye shajara baada ya kila onyesho. Je, kuna lolote linalofaa?

Mpwa wako,
Mukundan


Kumbakonam
9 Septemba 1968

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti linapanda ngazi likilalamika na kushuka likitukana, lakini linafika. Mkaza mjomba wako Kunjammal hajambo, na anauliza kama hiyo hoteli inakupa maziwa ya mgando au maji ya chokaa.

Unauliza kama kuna lolote. Umesahau unamwandikia nani. Ninazo shajara sita, moja kwa kila mwaka wa mchezo. Kila onyesho lina tarehe, mahali, hali ya hewa, nani alisahau maneno gani (wewe mara arobaini na moja, usibishe), na kila kicheko kilidumu sekunde ngapi, kwa ile saa yangu ya kupimia mbio za wanafunzi.

Kuhusu sufuria, mwambie Thanikachalam hivi. Mylapore watu hucheka ndani ya leso: sekunde sita. Madurai kumi na moja, pamoja na makofi. Tiruchi kumi na tisa, na siku moja bwana mnene alianguka na kiti chake. Salem tano, lakini mvua ilikuwa ikipiga mabati, hiyo usiihesabu. Wastani ni kumi na mbili. Tena sikiliza hili: kicheko huanza sekunde ya nne. Hakijawahi kuanza kabla ya hapo, si mara moja. Kuwapa watu sekunde tatu ni kumfukuza mgeni kabla hajavua viatu. Mwachie kumi na mbili.

Najua utauliza: na Tiruchi je? Watakuwa bado wanacheka wakati mpishi anaposema, "Dengu zipo, chumvi imekwenda kwa jirani." Maneno yatazama. Yaache yazame. Mtu akikosa maneno kwa sababu ya kucheka, hurudi kesho kuyasikiliza.

Mjomba wako,
Pattabiraman


Triplicane, Madras
31 Oktoba 1968

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini sikukuu ya taa iliwakuta salama, na kwamba mkaza mjomba hakukaanga vitafunio peke yake hadi mgongo ukamwuma. Sisi tuliwasha taa, tukavaa nguo mpya, na kesho yake tukarudi kwenye makopo.

Thanikachalam alikubali sekunde zako kumi na mbili. Alisema hajapata kumwona mtu anayeweka kumbukumbu za vicheko kama mshahara, na akikuona atakusujudia. Jana saa nne asubuhi wasambazaji watano waliitazama filamu katika chumba kidogo cha studio. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mzee wa majivuno aliwachekesha, barua ya Delhi iliwachekesha. Kisha ikaja sufuria.

Hakuna, mjomba. Sekunde kumi na mbili nilisikiliza pangaboi likizunguka. Msambazaji wa Coimbatore alimgeukia mwenzake, "Mashine imekwama?" Mwenzake akasema, "Labda umeme." Tangu hapo hawakucheka tena hadi mwisho. Walikaa kama watu waliofika arusini siku isiyo yake.

Mudaliar alinichukua nje, akitafuna tambuu.

"Mukundan, mimi si mtu mbaya."

"Najua, bwana mkubwa."

"Ila sufuria yako imelala baridi. Jumamosi tarehe tisa namkabidhi mtu mwingine. Atakata, atatia ngoma hapo, du-du-du, na mpishi aanguke ndani ya mchuzi."

"Akianguka ndani ya mchuzi, ndugu wa Delhi watamjua papo hapo. Hadithi imekwisha!"

"Basi itakwisha mapema, watu warudi nyumbani mapema."

Bado naamini nilicheza sawa. Miguu yangu, mikono yangu, uso wangu, vyote vilikuwa kama jukwaani. Basi kilichokosekana ni nini? Shajara imekosea, au mimi?

Mpwa wako,
Mukundan


Kumbakonam
2 Novemba 1968

Mpwa wangu,

Marahaba, na salamu zaidi nitakupa siku nyingine. Posta inafungwa saa kumi.

Shajara haikukosea. Mimi ndiye niliyeisoma vibaya. Nilikupa wastani, na wastani ni kama blanketi, hufunika waliolala na waliokufa. Jana nilizipitia zote sita tena, onyesho baada ya onyesho, na hiki ndicho nilichokiandika kwa mkono wangu:

"12 Agosti 1964. Onyesho la 61. Karakana ya reli, nje ya Tiruchi. Wafanyakazi tu, familia hazikualikwa. Watu mia nne. Vicheko vingine vizuri. Sufuria: hakuna. Kikohozi kimoja."

Tiruchi, Mukundan! Watu walewale wa sekunde kumi na tisa! Nikaangalia pambizoni mwa maonyesho mengine. Mara themanini na saba nimeandika maneno mawili, "wanawake kwanza," bila kuyafikiria tena. Sekunde ya nne ni yao. Wanaume hufuata ya saba au ya nane.

Kunjammal alikuwa akichambua maharage sakafuni. Nikamsomea. Wala hakuinua kichwa. "Mwanamume atawezaje kuanza kucheka hapo? Yeye ndiye anayenusa sufuria ya mkewe."

Huyo Mudaliar aliwaweka wanaume watano chumbani saa nne asubuhi. Hata ungewaonyesha karne nzima wangengoja umeme. Tafuta wanawake kabla ya Jumamosi. Usiwatafute mbali. Nyumba ya Mudaliar yenyewe, kama ninavyoikumbuka, imejaa.

Mjomba wako,
Pattabiraman


Triplicane, Madras
14 Novemba 1968

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa mkaza mjomba, na maharage yake pia nayaamkia.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilikwenda nayo moja kwa moja kwa Mudaliar. Alisoma, akacheka puani.

"Wanawake? Wanawake hawanunui filamu, kijana."

"Bwana mkubwa, nyumbani kwako nani huamua siku ya kwenda sinema?"

Akatafuna.

"Na nani huamua ni sinema gani?"

Akatafuna zaidi. Kisha akatema, akasema, "Ijumaa saa tisa. Wakisinzia, nisikuone tena kwenye geti hili."

Walikuja ishirini na sita: mama yake, mkewe, wakaza wana watatu, majirani, na wanawake wawili ambao hadi leo hakuna anayewajua. Walikuja na asumini kichwani na murukku, vitafunio vya unga wa mchele, kwenye kopo. Yule wa Coimbatore alikuwa bado mjini, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, tayari kutoroka. Mudaliar alisimama ukutani mikono nyuma. Mimi nilikaa chini ya mashine na Thanikachalam, saa mkononi.

Mama yake Mudaliar ana miaka sabini na minane na alikuwa ameapa kutotazama sinema tena tangu alipofiwa na mumewe. Alikaa mbele na fimbo yake. Sufuria ikaja. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Bibi akainyoosha fimbo hadi karibu itoboe kitambaa cha picha:

"Anakagua! Ona pua! Mtazameni huyo, anakagua!"

Mjomba, nilidhani dari inashuka. Mkewe Mudaliar alishindwa kuvuta pumzi. Aligeuka tu, akamwonyesha mumewe kwa kidole. Wakaza wana wote wakageuka kumtazama. Mudaliar akawa mwekundu mpaka masikio, kisha akaanza kucheka na yeye, na nyuma kabisa yule wa Coimbatore alikuwa amelalia kiti cha mbele yake, mabega yakiruka.

Chumvi na jirani zilizama zote. Bibi akapiga fimbo chini: "Kasema nini? Rudisheni!" Tukarudisha. Wakacheka tena, maneno yakazama tena. Bibi akasema atakuja kuyasikia Pongal, sikukuu ya mavuno.

Thanikachalam alipima sekunde kumi na tano. Ameniomba radhi kwa niaba ya mkasi wake, na ameongeza tatu. Mudaliar aliniambia mlangoni, "Hakuna atakayeigusa. Jina lako litaandikwa kwa herufi kubwa kama langu." Baadaye kidogo: "Karibu kama langu."

Tunaitoa Pongal, na Kumbakonam mmo katika orodha. Nendeni wote wawili. Usimwache mkaza mjomba nyumbani, tafadhali.

Mpwa wako mwenye furaha,
Mukundan


Kumbakonam
17 Januari 1969

Mukundan,

Marahaba. Sisi ni wazima, ila mmoja wetu mbavu zinamwuma, na si mimi.

Tulikwenda jana, Alhamisi, onyesho la saa kumi. Unajua Kunjammal hakuwahi kuuona mchezo. Miaka sita nilitoka, naye akabaki, kwanza kwa sababu ya mama yangu mgonjwa, halafu kwa sababu tulishazoea. Tulikaa viti vya nyuma. Ukumbi ulijaa, nilikisia watu mia nane, zaidi ya nusu wanawake. Nilikuwa na shajara mpya na kalamu.

Sufuria ikaja, na kicheko kikaja sekunde ya kwanza. Kilikuwa kimoja tu katika ukumbi mzima, na kilikuwa kwenye kiti cha kulia kwangu.

"Una nini?" nikamnong'oneza.

"Huoni?"

"Namwona Mukundan."

"Mukundan wapi! Angalia nyusi. Angalia anavyoinamisha shingo kama mtu anayechungulia kisima. Huyo ni wewe, jikoni kwetu kule Triplicane, kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha, miaka thelathini na moja!"

Nikatazama. Na watu mia nane wakaanza kucheka.

Mwizi wewe. Ulikula kwetu miaka minne ya chuo, ukikaa mkabala nami, na mimi nikidhani unatazama chakula. Kwenye mchezo nilikaa pazia la kushoto, nyuma yako, na kazi yangu ilikuwa kufuata kitabu cha maneno; nilichowahi kukiona pale ni kisogo chako. Basi mara mia moja arobaini na tatu nimepima, kwa sekunde, jinsi miji ya nchi hii inavyonicheka, nikaandika kwa wino, nikaweka sahihi.

Nilijaribu kukasirika. Nilifika na hasira yangu hadi kwenye geti la sinema, ikanitoka. Kunjammal alikuwa ameshika mkono wangu barabarani, jambo asilolifanya hata tulipokuwa vijana, kwa sababu alikuwa hawezi kutembea sawasawa kwa kucheka. "Nilidhani hakuna anayeona," alisema. "Yule mtoto aliona."

Leo asubuhi alinipakulia. Sikuitazama sufuria; nilikazia macho sahani yangu tu, shingo wima kama askari. Alisimama pale na upawa, akangoja. Mwisho akasema, "Tazama tu, baba. Usijizuie. Mji mzima umeshaona."

Nikatazama. Kisha nikaonja. Chumvi ilikuwa sawa.

Mjomba wako,
Pattabiraman