Wivu wa Mourine Leba

Eve wee! Mourine wetu wa Shauri Moyo ametuaibisha leba leo!

Unajua Daktari Irungu akizalisha humwita yeye tu. Leo ameingia, akampita kama hamjui, akasema, "Nduta, njoo unisaidie." Nduta! Nesi aliyekuja juzi!

Roho ikamchoma Mourine. "Basi muoe!" Eve, alisema hivyo! Mbele ya mgonjwa! "Muoe!"

Nduta akainamisha kichwa. Aliyejibu ni mama wa watu kitandani, jasho likimtiririka: "Sista, anayezaa hapa ni mimi. Wivu peleka nje."

Mourine kwa aibu akamshika yule mama mkono, hakumwachilia mpaka mtoto akalia.

Daktari akasema, "Asanteni, masista."

Mourine akanuna tena. Hata asante hakutaka kugawana na Nduta.