Kiapo Nilichokula kwa Ajili ya Filamu

Maskati,
Jumamosi, baada ya adhuhuri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeiandika shikamoo hii kwa herufi kubwa makusudi, uione hata kama miwani umeisahau shambani Fukayosi kama kawaida yako. Mimi mwanao Mwajuma ni mzima, alhamdulillahi, nakula, nalala, na cherehani hakiniumizi mgongo kama mwaka ule wa kwanza. Wewe je, hujambo? Goti linasemaje? Muhogo umestahimili jua? Mdogo wangu Rajabu ameniambia kwamba ukipanda bodaboda kwenda shamba unamkumbatia dereva mpaka anashindwa kuhema. Mkumbatie tu Baba, kuanguka ndiko kubaya.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Lakini simu nilikupigia, wewe mwenyewe shahidi. Nilikuuliza kwa sauti ya juu mpaka wenzangu kiwandani wakageuka, "Baba, yule mama wa kwenye filamu, alifungua mlango au hakufungua?" Nawe ukanijibu, "Mlango tayari, fundi alikuja jana." Nilicheka, nikakata simu, kisha nikalia kidogo, maana siku hiyo nilikuwa na shida ya kweli na jibu ulikuwa nalo wewe peke yako. Sasa shida imekwisha, ndiyo maana naweza kukusimulia bila kutetemeka. Karatasi hii anakuletea jirani yangu anayekuja Bagamoyo kumwona dada yake.

Unamkumbuka Bi Zuwena niliyekutajia, mwenye nyumba ninayokaa? Ni bibi mtu mzima, mzaliwa wa Unguja, alihamia huku na mumewe wangali vijana, na sasa ni mjane. Alinipa chumba cha uani nilipofika sijui hata pa kununua chumvi. Tangu siku ya kwanza nikimwamkia hujibu, "Marahaba mwanangu." Huko kiwandani tunashona mabuibui kutwa nzima na msimamizi hajui hata jina langu, ananiita kwa namba ya cherehani. Kwa hiyo hilo neno "mwanangu" nalitegemea kuliko unavyodhani.

Bi Zuwena ana ugonjwa kama wangu, filamu za Kihindi za zamani. Kila Ijumaa jioni tunakutana barazani kwake, yeye, mimi, wanawake wawili watatu wa mtaani, na Mwalimu Harish, Mhindi mstaafu aliyezaliwa Tanga, Kiswahili chake kinatushinda sote. Tunakunywa kahawa na kugombana kuhusu waigizaji waliokufa zamani. Basi mwezi uliopita zikaja habari kwamba ukumbi mmoja hapa mjini utaonesha filamu zote za yule mwongozaji mkongwe, yule uliyekuwa ukitwambia hakuna mwingine aliyejua kupiga picha ya mvua. Wiki nzima, kila siku filamu moja baada ya alasiri.

Baraza lilichafuka kwa furaha. Kila mtu akawa anamnadia mwenzake filamu kama muuza samaki. Mwalimu Harish akasema, "Asiyeiona ile ya mpiga ngoma kiziwi asije tena kunywa kahawa hapa." Bi Zuwena akamkata, "Hiyo? Nusu saa mtu anatazama mvua! Nendeni mkaone ya mashemeji wawili, na leso mchukue mbili." Nami sikukubali kuachwa nyuma. Nikawaambia wasikose *Wifi Hatari*, na *Gunia la Chumvi*. Wakanitumbulia macho. Nani alikuwa amesikia majina hayo? Ndipo nilipogundua kwamba filamu zote nilizozijua maishani nazijua kwa majina uliyozipa wewe ukitutafsiria pale kwenye banda lako la video Dunda, kwa sababu kava za mikanda zilikuwa na maandishi ya Kihindi na wewe ulikijua cha kusikia tu, ulichokiokota dukani kwa yule tajiri wako wa Kihindi. Ikabidi nisimulie kila moja mpaka waitambue. Mwalimu Harish alicheka mpaka akapaliwa. *Wifi Hatari*, kumbe jina lake la kweli ni kitu kama Taa ya Subira.

Kisha nikanadi ile ninayoipenda kupita zote. Nikasema, "Lakini ya kufa na kupona ni *Mama wa Mlangoni*." Nikawasimulia: mjane anagombana na mwanawe, anaapa hatamfungulia tena mlango, mtoto anapotea miaka na miaka, mwisho anarudi usiku wa mvua, anasimama nje anaimba ule wimbo wa utotoni. Mama anainuka kitandani mgonjwa, anajikokota, anafungua, anamwambia, "Ingia mwanangu, chakula kinapoa."

Bi Zuwena akatikisa kichwa. "Siyo hivyo, mwanangu. Yule mama hafungui. Anafia pale pale, mkono uko kwenye komeo."

"Anafungua, Bi Zuwena. Nimeona kwa macho yangu haya."

"Hukuona."

"Wallahi nimeona!"

Na yeye akaweka kikombe chini. "Nami wallahi niliona. Sinema, Unguja, nimekaa na marehemu mume wangu, hata mwaka hatujamaliza tangu tuoane."

Wajua, Baba, kwetu kiapo hakichezewi. Tumeapa wawili mbele za watu, kinyume kwa kinyume, basi mmoja wetu ni mwongo, tena amemtaja Mungu katika uongo wake. Na mimi sikumkanusha yeye tu, nilimkanusha na marehemu mumewe. Tukamgeukia Mwalimu Harish, maana yeye kaiona. Akakataa katakata. "Mimi nikisema, mmoja wenu namkosa. Filamu inaoneshwa siku ya mwisho. Itajisemea yenyewe." Nikatafuta kwenye mtandao, nikapata nyimbo zake tu. Ndiyo siku ile nikakupigia wewe simu.

Toka hapo nyumba ikawa baridi. "Shikamoo, Bi Zuwena." "Marahaba." Basi, imeishia hapo. Kahawa nikiikuta imefunikwa mezani, yeye yuko chumbani. Chakula nakula peke yangu, kijiko kinagonga sahani utadhani kengele. Mimi nawe tunajuana kwa ukaidi Baba, sikuomba radhi, kwa sababu niliona! Nilikuwa nauona uso wa yule mama mlango unapofunguka kama ninavyoiona karatasi hii. Lakini nikasema moyoni, filamu ikinisuta siwezi kukaa tena nyumba ile, uso wangu nitauweka wapi. Nikamwuliza mwenzangu wa kiwandani, yule wa Mombasa, kama kwao kuna nafasi ya kitanda. Akasema ipo. Begi nikalitoa uvunguni.

Siku ya mwisho ikafika. Ukumbi ulijaa wazee wenye mikongojo na harufu ya udi. Bi Zuwena alikaa, akaacha kiti kimoja kitupu kati yangu na yeye. Taa zikazimwa. Na kweli Baba, ilikuwa ni ile ile! Ule ugomvi wa jikoni, yule punda, ule mwavuli uliotoboka, vyote nilivijua, na katika kila sura nilikuwa nasikia sauti yako juu ya sauti zao. Nikaanza kufarijika, nikasema nimeshinda. Ikafika mvua. Kijana akaimba. Mama akainuka, akajikokota, akashika komeo.

Hakufungua. Aliteleza taratibu mpaka chini, mkono ukabaki juu kidogo, kisha nao ukaanguka. Na yule kijana huko nje anaendelea kuimba, hajui.

Nilitazama kile kioo nikisubiri sauti yako iseme, "Ingia mwanangu, chakula kinapoa." Haikuja. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwahi kuiona picha ile. Nilikuwa nimeona khanga.

Wewe unakumbuka jinsi ulivyokuwa ukifanya. Mapenzi yakizidi kwenye filamu unainuka, unaitupa khanga juu ya televisheni, na unaendelea kutafsiri kama hakuna kitu: "Hapa sasa wanaulizana habari za wazazi wao." Banda zima linaangua kicheko. "Bado wanaulizana, waungwana, wazazi ni wengi." Sisi watoto tulijua khanga ikipanda ni mambo ya aibu, tunasubiri ishuke. Na katika *Mama wa Mlangoni* ulikuwa ukiipandisha pale pale mama anaposhika komeo, na huishushi tena mpaka mkanda unakwisha. Ule mwisho wote niliuona kwa mdomo wako. Nikaubeba mpaka Maskati, nikauapia.

Tulipotoka nje nilimwambia Bi Zuwena nikiwa natazama viatu vyangu, "Nisamehe. Mimi sikuona, nilisikia." Nikamweleza yote, habari ya banda, habari ya khanga. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliniuliza, "Katika filamu ile kuna aibu gani pale mlangoni, hata mzee wako akafunika?"

Nikasema hakuna.

"Watoto bandani mlikuwa nani na nani?"

"Mimi na mdogo wangu Rajabu. Wengine watu wazima. Baba alikuwa anatukalisha mkekani chini ya meza ya deki, hakuwa na pa kutuacha."

"Na mama yenu?"

"Alikuwa ameshafariki. Mwaka ule ule."

Nilipojisikia nikisema hivyo, Baba, ndipo nilipoelewa ulichokuwa ukitufichia. Bi Zuwena akanishika mkono pale pale njiani, watu wanapita, akasema, "Basi tosha, mwanangu. Twende nyumbani."

Njiani nikamwambia habari ya kiapo, kwamba nitafunga siku tatu kukifidia. Akasema hakuna haja, mtu akiapia jambo analoliamini kuwa kweli hana dhambi, amekwisha muuliza sheikh. Nikamwuliza, "Umemwuliza lini?" Akasema, "Wiki ile ile tuliyogombana. Sikutaka ufunge bure katika joto hili." Nikasema, "Mbona hukuniambia?" Akasema, "Nilikuwa nimekukasirikia." Tulicheka mpaka akahitaji kuegemea ukuta. Begi nimelirudisha uvunguni, na mwenzangu wa Mombasa kitanda chake ampe mwingine. Nimelala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, na asubuhi nimeamkiwa na harufu ya vitumbua. Moyo wangu mwepesi, Baba, sijui nikueleze vipi.

Lakini kuna jambo jingine limenirudia, na hili ndilo hasa lililonifanya nitafute karatasi. Nimemkumbuka Mzee Kombo, yule mwuza kuni mwenye sauti nene. Mara ya kwanza ulipofunika mwisho ule alipiga kelele kutoka benchi la nyuma, "Tuondolee hiyo khanga, bwana, hapa hakuna mabusu!" Ukamwambia, "Subira, Mzee Kombo." Akainuka aje aiondoe mwenyewe. Alipofika mbele akatuona mimi na Rajabu pale mkekani, Rajabu kanilalia mapajani. Alisimama kidogo, kisha akarudi akakaa. Wakati ule nilidhani amekuogopa wewe. Sasa najua wanaume wote wale, wavuvi, wachoma mkaa, vijana wa stendi, walilipa kiingilio chao wakakaa kimya kutazama khanga, kila mara mkanda ule ulipowekwa, kwa sababu yetu. Na mitaani hakuna hata mmoja aliyewahi kunitobolea siri. Kama Mzee Kombo yu hai mpe mkono wangu. Kama ametangulia, msomee Fatiha kwa niaba yangu.

Nawe nikwambie nini? Ulikuwa mjane wa juzi tu, mama wa watoto wako yuko kaburini, na kila ilipowekwa filamu ile wewe peke yako, kwa kuwa ulisimama ubavuni mwa televisheni, ulikuwa unamwona yule mama anakufa upande wa ndani wa khanga, na mdomo wako unatwambia amefungua mlango. Sauti haikukatika hata siku moja. Nimejaribu jana kuusema ule mwisho wako kwa sauti, nikaushindwa katikati. Nakupenda, Baba. Najua haya hatuambizani kwetu, ndiyo maana nayaandika, na wewe huwezi kunijibu habari za fundi wa mlango.

Shangazi yangu wa Lugoba mwambie mabuibui yake mawili yako tayari, nasubiri wa kumpa. Wifi yangu, mke wa Rajabu, mpe pole ya uzazi na hongera, huyo mchanga nibusie utosini. Jirani yetu Mama Hadija mwambie kahawa ya huku haifiki nusu ya yake. Bi Zuwena anakusalimu, anasema angependa kukuona japo kwa picha. Mwalimu Harish anataka umtafsirie *Gunia la Chumvi* tangu mwanzo.

Mdogo wangu Rajabu nampa salamu za peke yake. Ni baba wa watoto watatu sasa, lakini kwa ninavyojua yeye bado anaamini yule mama alifungua mlango. Kumwambia au kutomwambia ni juu yako wewe. Ukimwambia, uwe umekaa karibu naye.

Ni mimi bintiyo mkubwa,
Mwajuma