Mfumo Mpya wa Kompyuta ya Tata

Ijuganyondo, Bukoba
2 Desemba 2025

Tata,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi. Ukipiga simu ukaambiwa niko shambani, huwa siko shambani. Niko nyuma ya mlango wa jiko, nasikiliza. Si kwamba sitaki kuongea nawe. Sauti yako ikija, maneno yangu yanakimbia. Kwenye karatasi yananisubiri, ndiyo maana nakuandikia.

Sasa shikamoo. Habari za kisiwani? Kifua chako kimepona? Sisi hatujambo. Magoti yanamsumbua Bibi ukungu ukipanda kutoka ziwani asubuhi, lakini sauti ya kunigombeza bado anayo nzima.

Nimemaliza kidato cha nne. Siku zangu ni nyingi na sijui pa kuziweka, kwa hiyo nimeifungua kompyuta uliyoiacha ulipoondoka baada ya msiba wa Mama. Nikiiwasha, namaliza kumenya ebitoke, ndizi zetu za mchana, ndipo inanifungulia. Halafu inaniambia kwamba Windows yake imefika mwisho. Mujuni, fundi wa kompyuta pale sokoni, anasema Windows mpya haiwezi kuingia humo kwa sababu mashine ni ya zamani mno. Ila tunaweza kuweka mfumo mwingine wa kuiendesha, unaoitwa Linux, na ni wa bure. Hizo Linux ziko nyingi, lazima nichague moja.

Kompyuta ni yako. Naomba ruhusa.

Mwanao,
Kokuhirwa


Bumbire, Muleba
11 Desemba 2025

Mwanangu Kokuhirwa,

Marahaba. Kifua kimepona. Mpe pole Bibi yako. Georgina alinipa barua yako ikinuka dagaa anazouza huko sokoni, nikaisoma nimesimama. Habari ya mlango wa jiko nimeielewa. Endelea kuandika.

Kompyuta ni yako sasa. Nilimsimulia Machibya, Msukuma ninayefanya naye biashara huku, akasema: “Mwambie mtoto asichague kwa sura. Mayenga alichagua mke kwa sura, muulize jana alikula nini!” Mayenga, aliyekuwa amekaa nasi, akamrushia ndala. Mimi nasema jaribu kila mfumo, uone upi unakutuliza. Lakini picha za mama yako zimo humo. Fundi azitoe kwanza, aziweke mahali salama. Mimi sijaweza kuzitazama kwa miaka minne, wala kuingia ile nyumba.

Hata urefu wako siujui.

Tata yako,
Gamaliel


Ijuganyondo
20 Desemba 2025

Tata mpendwa,

Shikamoo. Mvua ya jana iliangusha migomba miwili, lakini sisi wazima. Natumaini nawe mzima, na Mayenga amesamehewa.

Picha ziko salama. Kumbe mfumo unaweza kuujaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa cha zamani. Unaingia, unatembea ndani yake, ukizima unakusahau kabisa. Nilijaribu mitatu. Ubuntu ulikuwa mzuri ila mzito kwa mashine yetu, ikawa inahema. Lubuntu ulikuwa mwepesi, kama nyumba ambayo vyombo havijaingizwa. Halafu Mint. Ulifunguka mpana na kimya, kama kanisa kabla watu hawajaingia. Nikakaa tu nikiutazama, mpaka Mujuni akasema, “Dada, unachagua au unasali?”

Nimechagua huo. Wakati wa kuuweka uliniuliza niko wapi, ukanifungulia ramani ya dunia nzima. Mujuni alikuwa anabishana na mteja kuhusu chaji, sikumsumbua. Nikalitafuta ziwa letu. Nikagusa ukingo wake wa magharibi, hapa hapa nyumbani. Nilijisikia kama nimeinua mkono darasani, jambo ambalo sijawahi kulifanya, na dunia nzima ikageuka kunitazama bila kunicheka.

Sasa kompyuta inawaka kabla sijashika kisu cha kumenyea.

Kuna picha moja Mama anacheka, na mbele yake kuna kivuli cha mpiga picha. Ni wewe.

Mwanao,
Kokuhirwa


Bumbire
2 Januari 2026

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Bibi. Mimi mzima.

Barua yako ya kivuli imenikosesha raha, nikaamua. Jumamosi tarehe 10 nakuja Bukoba na lori la dagaa. Tutafika sokoni saa nne asubuhi. Saa tano kamili linageuza ili niwahi mtumbwi, na dereva hamsubiri mtu. Nyumbani bado siwezi. Lakini sokoni naweza. Njoo.

Usipokuja nitajua kwamba hukutaka, na sitakulaumu. Miaka minne ni mingi kwa mtoto.

Tata yako


Bumbire
12 Januari 2026

Kokuhirwa,

Natumaini wewe na Bibi hamjambo. Nilikaa juu ya magunia nikamtazama kila msichana aliyepita. Wawili niliwaita kwa jina lako. Saa tano tukaondoka.

Nimeelewa. Sitakusumbua tena.

Gamaliel


Ijuganyondo
20 Januari 2026

Tata, Tata yangu,

Shikamoo. Sijui kama unataka kujua hali yangu, lakini si nzuri.

Nilikuja.

Bibi alikuwa amelala msibani Kanazi na simu alikwenda nayo. Saa ya ukutani ilikufa zamani. Kwa hiyo nilitazama saa ya kompyuta. Niliamka mapema, nikasuka nywele upya, nikapiga pasi gauni. Ilipoonyesha saa tatu na nusu nikatoka, nikatembea taratibu ili nisifike nikihema. Ukungu ulikuwa bado kwenye migomba. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema “Tata” kwa sauti.

Nilipofika sokoni, Georgina akashika kichwa. “We mtoto! Saa tano imeshapita! Baba yako ameangalia njia ya Ijuganyondo mpaka shingo imemuuma!” Nikamwambia bado ni saa nne na dakika kidogo. Akanionyesha simu yake.

Nilikwenda na kompyuta kwa Mujuni. Akaitazama, akanitazama. “Nani kakwambia uko Kigali?”

Ile ramani, Tata. Haina Bukoba, haina Muleba. Nilipogusa nyumbani, ilichukua mji wa karibu ilioujua, nao ulikuwa Kigali, na saa ya Kigali iko nyuma ya yetu kwa saa moja. “Mtanzania anachagua Dar es Salaam!” Mujuni akasema. Nikamjibu sijawahi kufika Dar es Salaam. Hakucheka. Akarekebisha, akanivutia kiti.

Nafikiria ile saa moja kila siku. Wewe ulikuwa umeshakata tamaa, na kwangu bado ulikuwa unakuja. Sijawahi kuwa na furaha kama niliyokuwa nayo njiani, nikitembea ndani ya saa ambayo haikuwepo.

Nilitaka. Tafadhali liamini neno hilo moja tu.

Mwanao,
Kokuhirwa


Bumbire
7 Februari 2026

Tata,

Shikamoo. Hali yako naiona kwa macho, umekonda. Mimi sijambo, ila nimetapika mara mbili kwenye mtumbwi.

Georgina alirudi kutoka kwako mara mbili bila barua. Nikamuuliza kama umekasirika. Akasema, “Wapi! Anaitoa yako mfukoni, anaisoma, anaikunja. Kalamu anashika, maneno hayaji. Mmefanana kama nini!” Bibi alikuwa anachambua maharage, akasema bila kuinua kichwa, “Basi barua zimeshindwa kazi. Beba nguo zako.”

Nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nyuma yako. Unageuza dagaa juani na Machibya, na hujageuka bado. Machibya ameniona. Nimejiwekea kidole mdomoni kumwonya, naye ameanza kuimba kwa nguvu ili usisikie chochote. Nikimaliza mstari huu nitakuja kukupa karatasi hii mkononi, isome polepole, mimi nitasimama hapo hapo.

Neno moja tu kabla sijainuka. Bibi nimemwambia nitarudi Jumatatu. Sikumtajia ni Jumatatu ipi, na si hii ya kesho kutwa. Akikuuliza, tafadhali usimwambie.

Binti yako,
Kokuhirwa